Gauni Linalofungukia Ubavuni

Bega langu halina kitu. Hayo si maneno yangu. Aliyasema daktari wa kwanza, akayarudia wa pili, na wa tatu akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, akasema mfupa mzima, nyama nzima, hongera mama. Nikamuuliza kama hakuna kitu, basi kinachouma ni nini. Akaniandikia dawa ya kupaka.

Mimi ni fundi cherehani. Watu wananiita Fundi tu, hata watoto wa ndugu zangu, na nadhani baadhi yao hawajui kama nina jina. Nimeshona tangu sijaolewa. Nilishona nikiwa mjamzito, tumbo linagonga meza, nikashona hata wiki aliyokufa mume wangu, kwa sababu kwaya iliyokuja kumwimbia ilikuwa na sare zake mezani kwangu hazijatiwa pindo. Kisha asubuhi moja nikanyoosha mkono wa kushoto kuchukua uzi kwenye rafu, mkono ukagoma. Sikuwa nimeanguka wala kubeba kitu kizito. Uligoma tu, kama punda katikati ya njia, na tangu siku hiyo haujapita usawa wa kifua. Ukiulazimisha, maumivu yanaanzia shingoni yanashuka mpaka kidole cha mwisho, na jicho linatoa machozi lenyewe bila kukuomba ruhusa.

Mwanzoni nilidhani ni jambo la wiki. Mvua zikaja zikaenda, zikaja tena, na mimi bado nalalia ubavu mmoja. Niliomba. Nilifunga. Nilipiga magoti kando ya kitanda kila alfajiri mpaka magoti nayo yakaanza kuuliza yamekosa nini.

Lakini maumivu ni kitu kimoja na maelezo ni kingine, na mimi kilichonichosha zaidi ni maelezo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu wa kanisa letu walijua kunguni wa kitanda changu mmoja mmoja. Kuna aliyesema nina dhambi ya zamani sijaitubu. Nikajikagua, nikakuta ni zilezile za kila mtu, ulimi na hasira, na kama hizo zingekuwa zinagandisha mabega, pasingekuwa na mtu wa kuinua ndoo katika mtaa mzima. Mwingine alisema Mungu ananipima. Nikamjibu kwamba mimi napima watu kila siku, na nikishapima, nashona. Huyu anayepima mwaka mzima bila kushona, ananipimia nini? Yule mama aliondoka amenuna, na mimi nikabaki nimechoka zaidi kuliko kabla hajaja.

Katika ibada zetu tuna desturi ya kuinua mikono. Kiongozi wa maombi akisema inueni, kanisa zima linainua mikono yote miwili, na asiyeinua anaonekana. Mimi nilikuwa nainua mmoja. Jumapili moja mwenyekiti wa akina mama, mwanamke wa mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, alishuka kutoka mbele, akanijia moja kwa moja, akaushika mkono wangu wa kushoto, akasema, pokea. Kisha akauinua. Nilipiga ukelele ambao sikuupiga hata chumba cha kujifungulia. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Walidhani nimeguswa na Roho. Walipiga makofi, wakaimba, na mwenyekiti akanikumbatia akilia kwa furaha, akiminya palepale panapouma. Mtu analia kwa furaha kwa ajili yako, utaanzaje kumwambia kwamba amekuumiza? Nilichofanya ni kuhamia kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Baada ya siku hiyo hata kuvaa kukawa vita. Nakumbuka asubuhi moja nilikwama ndani ya blauzi, kichwa ndani, mkono mmoja nje, na mkono mbovu umenaswa katikati, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikakaa kitandani vilevile, uso umefunikwa na nguo niliyoishona mwenyewe, nikalia humo ndani mpaka kitambaa kikalowa. Kisha nikapapasa meza, nikapata mkasi, nikajikata nje. Nilikata kutoka shingoni, juu ya bega, nikashuka na mkono wa nguo mpaka kwenye kiganja, nikakata na ubavu mpaka kiunoni. Nguo ikaanguka kama ganda.

Yale matambara ndiyo yaliyozaa kile nilichokuwa nakiita gunia. Nilijishonea blauzi iliyo wazi upande mzima wa kushoto, kiasi kwamba naweza kuiweka kitandani, nikauegesha mkono juu yake, nikaifunika. Shida ikawa kuifunga. Kamba zinataka mikono miwili ili ufunge fundo. Zipu inataka mkono wa pili wa kushika chini. Vifungo vidogo vinateleza. Mwishowe niliweka vifungo vikubwa vya koti na matundu mapana, vya kusukuma kwa kidole gumba, na nikaweza. Lilikuwa vazi baya, fundi yeyote angecheka. Kwa hiyo nikawa natoka na mtandio mweusi mzito nimeutupa juu ya bega la kushoto, jua liwake au mvua inyeshe.

Akina mama wa kanisani wakaniuliza kuhusu ule mtandio. Nilikuwa sina nguvu ya maswali, nikasema ni mambo yangu na Mungu. Hilo lilikuwa kosa. Jumapili iliyofuata mwenyekiti akaja na mtandio mweusi juu ya bega la kushoto. Iliyofuata wakawa wengi, na haukupita muda safu nzima ya akina mama ilikuwa imefunikwa upande mmoja, wanatokwa jasho na wamenyamaza kwa heshima. Walikuwa wameungana nami katika nadhiri waliyodhani nimeiweka. Mimi nilikaa kiti changu cha nyuma, sijui nicheke au nilie, nikachagua kutazama mlango.

Ikafika mahali nikaamua kuuza cherehani. Cherehani inataka mikono miwili, mmoja unasukuma kitambaa na mwingine unakipokea, na mimi nilikuwa nakipokea kwa kiwiko. Mnunuzi alikuwa fundi wa chumba cha jirani tunayemwita Bwana Pindo, maana tangu tumfahamu hajashona kitu zaidi ya kukata suruali ndefu na kuzitia pindo. Tulikubaliana aje aichukue Jumamosi. Sikuliombea jambo hilo. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu kwamba kuponywa basi, aache, lakini aniambie tu haya yote ni ya nini. Alinyamaza, nami nikanyamaza, kama wanandoa waliochokana.

Katikati ya wiki hiyohiyo kaka yangu alikuja karakana. Kaka ni fundi bomba, mtu anayeweza kuzuia bomba lililopasuka kwa goti moja huku anakusimulia hadithi. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la wateja akawa hasemi. Nilijua ni habari za mkewe.

Huyo mkewe, wifi yangu, ni mwanamke wa mitindo. Kwa miaka yote hakuwahi kuvaa nguo niliyoishona mimi. Ukimpa gauni analigeuza, anakagua mshono wa ndani, kisha anauliza kwa upole kabisa, wifi, huu ni mtindo wa mwaka gani? Mimi namjibu kwamba nguo zake za dukani zimeshonwa na mtu asiyemjua, ndiyo maana zinambana bila aibu. Ni utani wa mawifi, tulicheka, lakini mimi iliniuma kidogo, sitaficha. Sasa alikuwa amekutwa na uvimbe kwenye titi la kulia. Wakaliondoa lote, pamoja na nyama ya kwapani. Alitakiwa awe anarudi hospitali kutiwa dawa na kukaguliwa kidonda. Alikwenda mara ya kwanza, akarudi, akajifungia chumbani. Mara ya pili alikataa kwenda. Ya tatu akakataa pia.

Kaka alinieleza yote akitazama sakafu. Daktari amesema akiacha dawa ugonjwa utarudi, na ukirudi hautapiga hodi. Siku nyingine ya dawa ni Jumatatu, na asipoonekana hiyo, itabidi waanze upya kama bado itafaa. Mchungaji amekuja mara mbili. Amemsomea, amemweleza kwa upole habari za mateso na utukufu, naye anasikiliza, anasema amina, anabaki palepale kitandani.

"Amekata tamaa," kaka alisema. "Kaongee naye, Fundi. Wewe unayajua maumivu."

Sikutaka kwenda. Nikamwambie nini? Nilikuwa sina neno hata la kujipa mimi. Lakini kaka alichukua kipande cha kitambaa cha mteja akajifutia macho bila kujua anachokifanya, na mimi sijawahi kumwona analia tangu tulipomzika mama. Nikaweka mtandio begani, nikaenda, nimeazimia nisiseme jambo lolote la maana.

Chumba chake kilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Kabati lilikuwa wazi, nguo zake zote zimening'inia kwa rangi zake, na kioo kirefu amekigeuza kielekee ukutani. Alikaa ukingoni mwa kitanda amevaa gauni la buluu la mikono mirefu. Nilimsalimia, nikavuta kiti, nikakaa. Nilikuwa nimechoka kwa kutembea, nikashukuru kwamba hakuna anayenitaka niongee. Basi nikawa namtazama tu, na jicho la fundi halijui kupumzika. Mgongo wa gauni ulikuwa na mikunjo ya kulaliwa. Kifuani palikuwa na doa la chai, na juu yake doa jingine jipya zaidi. Kwapa la kulia lilikuwa limefanya weupe wa jasho lililokauka. Na mkono ule ameubeba kwa mkono wa pili, ameubana tumboni, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Mimi najua ule ubebaji. Ndivyo ninavyobeba wangu.

"Wifi," nilisema, "hilo gauni huwezi kulivua."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kulia kwa namna ya mtu aliyekuwa anasubiri aruhusiwe.

Akanisimulia. Siku ile hospitali alivaa blauzi yake nzuri, ili asionekane mgonjwa. Muuguzi alikuwa na haraka, foleni ndefu, akamwambia avue. Alipochelewa, akamsaidia kwa kuivuta kichwani. Blauzi ikanasa shingoni, mkono wenye kidonda ukavutwa juu pamoja nayo, akapiga kelele. Pazia halikufika mwisho wa fito yake. Watu waliokuwa kwenye benchi la nje walimwona, kifua wazi, mishono mibichi, kichwa kimefunikwa. Mmoja akasema kwa sauti kwamba kelele zote hizo ni za nguo tu.

"Nilikuwa kipofu ndani ya nguo, wifi," alisema, "na wote wananiona."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mumewe, au mchungaji.

"Ningemwambia nini mchungaji? Amekuja na Neno la Mungu na mkoba wake, nimwambie nimeshindwa na blauzi? Wenzangu wanashindwa na kifo. Mimi nimeshindwa na blauzi."

Mtu mwenye mabega mawili atasema si angevaa shati la kufungua mbele. Ajaribu. Shati ukishalifungua, mkono bado lazima urudi nyuma utoke, na hapo nyuma ndipo kisu kilipo. Au ajifunge shuka? Shuka linataka mtu wa kulishikilia, na wifi yangu hakuwa mwanamke wa kuingia hospitali na shuka. Sikumweleza lolote kati ya hayo, alikuwa anayajua. Nilivua mtandio.

"Nadhiri yako," alisema akishtuka.

"Nadhiri gani. Hebu tazama huku."

Nikasimama mbele yake, nikasukuma kifungo cha shingoni kwa kidole gumba, kikatoka. Cha begani kikatoka. Nikashuka na mkono, nikashuka na ubavu, na gunia langu likafunguka lote kama mlango, mkono mbovu umetulia palepale ulipokuwa. Kisha nikalifunga tena. Wifi alikuwa ameacha kulia. Alinyoosha kidole akagusa kifungo kimoja.

"Ni baya," alisema.

"Najua."

"Ni baya sana, wifi." Akavuta makamasi. "Hebu rudia."

Siku hiyo kwanza nilimtoa kwenye lile gauni la buluu. Nilitumia mkasi, upande uleule wa mkono, polepole, naye amefumba macho. Nikamwosha, nikamvika gunia langu la akiba, nimeligeuza nyuma mbele ili lifungukie upande wake wa kulia. Nilirudi nyumbani na kitambaa alichonichagulia mwenyewe kutoka kabatini, pamba laini ya rangi ya divai, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sherehe. Na nilirudi nimechoka kiasi kwamba nilipofika niliketi mlangoni kabla ya kuingia.

Kushona lile gauni kulinitesa. Sitaki kusema uongo hapa, kwamba nilipata nguvu za ajabu. Kila nikiinamisha kitambaa chini ya sindano bega liliwaka. Niliegemea meza kwa kifua, nikakishika kitambaa kwa kidevu, nikatukana kimoyomoyo, nikatubu, nikatukana tena. Ijumaa mchana nilikuwa nachonga tundu la kwapa, natafuta namna ya kuliacha pana bila kufanya gauni lionekane limevimba, ndipo likanijia jambo nililolisikia maisha yangu yote.

Kila mwaka tunasomewa jinsi askari walivyomvua Yesu mavazi yake, na kwamba kanzu yake haikuwa na mshono, imefumwa kipande kimoja toka juu mpaka chini, wakaipigia kura wasiipasue. Mimi kama fundi niliipenda sana ile kanzu. Nilikuwa nawaza ufundi wake. Siku hiyo mkasi ulisimama mkononi. Nguo isiyo na mshono haina pa kufungukia. Inavuliwa kwa njia moja tu, kupitia kichwani, mikono ikiwa juu. Na mgongo wake ulikuwa umeshachapwa. Damu ikikauka inashika kitambaa, hilo kila aliyewahi kujikata analijua. Basi ilivutwa na nani, na ilinasa wapi? Kwa muda ule alikuwa ndani ya nguo, haoni, na wote wanamwona.

Niliweka mkasi chini nikalia. Sikulia kwa huzuni peke yake. Halafu nikakumbuka kwamba hata yeye, pale juu msalabani, aliuliza kwa nini, kwa sauti ya kusikika, na mimi sijawahi kusomewa mahali popote kwamba alijibiwa. Jibu langu nami sikulipata. Bega liliendelea kuuma vilevile, na mtu akiniuliza leo lilianza kwa sababu gani nitamwambia sijui. Lakini muda wote ule nilidhani niko peke yangu mle ndani ya nguo, na kumbe sikuwa peke yangu.

Jumamosi Bwana Pindo akaja na mkokoteni. Alinikuta nimelala juu ya meza kwa uchovu, gauni limekamilika isipokuwa chini. Aliuliza kama mashine iko tayari. Nikamwambia nina mgonjwa anayekwenda hospitali Jumatatu na gauni lake bado halina pindo, na kwamba mkono wangu umefika mwisho. Alinitazama, akalitazama gauni, akaligeuza huku na huku bila kuelewa kwa nini lina mlango. Nilimweleza. Alivua koti, akakaa kwenye kiti changu, akatia pindo ambalo mimi sijawahi kuona pindo zuri kama hilo, halikuwa na hata wimbi moja. Alipomaliza aliinuka akauliza kama basi aichukue. Nikamwambia bado. Akasema alijua, akatoka akisukuma mkokoteni mtupu na kulalamika mtaa mzima kwamba wanawake ni watu wa kubadilika.

Nilipomjaribisha wifi gauni Jumapili jioni, aliomba kioo kigeuzwe. Alisimama mbele yake muda mrefu. Vifungo nilikuwa nimevifunika kwa kitambaa chenyewe, vikashuka begani na ubavuni kama pambo. Alivifungua mwenyewe, akavifunga, akavifungua. Kisha akageuka akaniuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Ina maana Mungu alikuumiza bega kwa ajili yangu?"

"Hapana," nilisema. "Fundi wa kuharibu kitambaa cha huyu ili apate kiraka cha yule, mimi nisingempa hata pazia la jikoni. Aliyenikata mimi simjui, wifi. Ninachojua ni kwamba kipande kilichoanguka sakafuni, Yeye hakukitupa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu akashika ukosi, akakagua mshono wa ndani.

"Na huu sasa ni mtindo wa mwaka gani?"

Kaka alikuwa mlangoni, akatoka haraka kwenda uani kusikokuwa na kazi yoyote.

Jumatatu tulikwenda hospitali watatu, wifi, mimi na mwenyekiti wa akina mama, maana kwetu mgonjwa hasindikizwi na ndugu tu, kanisa nalo hutoa mtu. Mwenyekiti alivaa mtandio wake mweusi begani. Mimi nilitoka na gunia langu wazi, bila mtandio. Njia nzima alinitupia macho asiulize.

Korido ilikuwa ileile, benchi lileile, pazia lilelile fupi. Wifi alipoitwa nilisimama nimfuate. Akaniambia nikae. Aliingia peke yake, na tukamsikia muuguzi akisema haya mama, tuvue, na hatua zake zikisogea. Kisha sauti ya wifi yangu, ileile ya kuulizia mitindo.

"Acha, dada. Nafungua mwenyewe."

Mwenyekiti alivuta pumzi, akaanza kusema kwamba Mungu ana makusudi, kisha akanyamaza katikati. Alikuwa anatazama vifungo vyangu, kuanzia shingoni mpaka kiunoni.

"Haikuwa nadhiri," aliniambia polepole.

"Haikuwa. Ni bega. Mkono haupandi."

"Na siku ile nilipouinua..."

"Uliniumiza."

Nilingojea maelezo. Nimeishi na yule mama kanisani miaka mingi na sijawahi kumwona amekosa neno. Hakuelezea. Macho yalimjaa, akashusha mtandio wake begani, akaukunja, akauweka mapajani, akakaa hivyo. Na mimi nikagundua kwamba ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo, mtu wa kukaa hivyo.

Mbele yetu alikuwa amekaa mwanamke mmoja mgeni kwetu, kijana kuliko mimi, amevaa sweta lililomzidi, mkono ameubana tumboni kwa mkono wa pili. Alikuwa amemwona wifi akiingia. Sasa alikuwa ananitazama mimi. Mwishowe akainama mbele, akauliza kwa sauti ya chini nguo hizo zinauzwa wapi.

Nikamwambia haziuzwi, zinashonwa, na anayezishona ni mimi. Akaniuliza kama ninaweza. Swali la haki, maana aliona vizuri mkono wangu ulivyolala. Bega lilikuwa linawaka tangu asubuhi na nilitamani kwenda nyumbani nikalale mpaka kiama.

Nilitoa utepe wa kupimia mfukoni, nikavuka korido, nikapiga magoti mbele yake. Nikaweka ncha moja penye bega lake, taratibu, pasipouma. Ncha ya pili ikaning'inia, maana kupima kunataka mikono miwili. Nikasikia nyuma yangu benchi linalia, na mwenyekiti wa akina mama, kwa mwili wake wote ule, akapiga magoti kando yangu. Akaishika ile ncha, akaniuliza aifikishe wapi.